Kilichopita Kwenye Kitambaa

Ukimuuliza swali hakuwa na haraka ya kukujibu. Alivua miwani kwanza, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa tena, ndipo akasema, "Sijui bado." Hilo "bado" lilinikera tangu nikiwa kidato cha pili. Walimu wengine wote wa shule yetu ya Mbulu mjini walikuwa na majibu. Hata yule wa Historia, ambaye tulimkamata mara nyingi akitubunia mambo, alibuni kwa sauti ya kujiamini na sisi tukampenda. Huyu wetu wa Biolojia, aliyesoma kuwazidi wote, ndiye aliyekuwa hajui. Mimi ni mtu ninayetaka niambiwe ndiyo au hapana, tuendelee na kazi. Kwa hiyo miaka yote niliyokuwa naye, kwanza kama mwanafunzi wake na baadaye kama mwenzake, mwalimu wa Jiografia, nilimpenda huku nimemkasirikia.

Tulimwita Mwalimu tu, kana kwamba shule nzima haikuwa na mwingine. Wazee waliomzidi umri walimwita hivyo hivyo. Hata mama yake mzazi, ambaye nyumba yake iko kijijini Tumati, alikuwa akiwaambia majirani, "Mwalimu atakuja Jumamosi," na ungedhani anatarajia mgeni wa serikali. Alikuwa mfupi, mwenye mwendo wa haraka, na sweta lake la kijivu hakulivua hata mwezi wa kumi jua linapowaka. Wakati wa mvua alivaa mabuti ya mpira darasani na hakuona aibu. Hakuolewa. Waliothubutu kumuuliza kwa nini walipata jibu lile lile mnalolijua.

Somo lake lililosikika mpaka tarafa za jirani lilikuwa la kitambaa. Alikata shuka jeupe vipande, akampa kila mwanafunzi kimoja, akatuagiza tukitundike jikoni kwetu, juu ya mafiga, mpaka wiki inayofuata. Tulirudi navyo vyeusi, vinanuka moshi, tukavipanga mbele ya ubao huku tukichekana: jiko la kwenu ni tanuru, la kwetu afadhali. Changu, kilichotoka kwetu Bashay, kilikuwa miongoni mwa vilivyozomewa. Mwalimu alituacha tucheke mpaka tukachoka. Kisha akakichukua kimoja, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Haya masizi mnayoyaona hayanitishi," akasema. "Haya yamekamatwa. Mimi naogopa yale yaliyopita."

"Yaliyopita ni yapi, Mwalimu?"

"Chukua unywele wako mmoja. Upasue kwa urefu upate nyuzi elfu moja. Uzi mmoja kati ya hizo, unene wake ndio ninaousema. Wataalamu wanaziita chembe za nano. Kitambaa hiki kwao ni mlango uliofunguliwa. Zinaingia puani, zinafika mapafuni, na nyingine zinavuka mpaka kwenye damu."

Mwanafunzi mmoja akauliza zikifika kwenye damu zinafanya nini. Miwani ikavuliwa. Darasa zima likajibu kwa pamoja, "Sijui bado!" Mwalimu mwenyewe akacheka mpaka akakohoa. Halafu akasema neno ambalo halikuchekesha: "Lakini kuna kitu nimekiona kwa macho yangu."

Kitu hicho alikiona Ulaya. Alipoondoka kwenda kusoma tulikuwa bado mkoa wa Arusha, na aliporudi tukawa Manyara. Alipenda kusema amezunguka dunia nzima na kurudi mkoa mwingine, na kumbe nyumba ni ile ile, na barabara ya kwenda Tumati ina makorongo yale yale. Huko alikokuwa, kazi yake ilikuwa kukuza seli za mishipa ya damu ndani ya visahani vya plastiki na kuzimwagia chembe hizo: za masizi, za fedha, za madini mengine. Alituambia kwamba ndani ya kila mshipa kuna utando mwembamba ajabu, unene wake ni wa seli moja tu, na seli hizo zimelala zimegusana, hazina nafasi katikati. Damu inapita juu ya utando huo tangu siku ulipoumbwa tumboni mpaka siku unayozikwa. Alipozimwagia chembe za fedha, kesho yake akachungulia kwenye hadubini, seli zilikuwa zimejikunyata na kuachana. Palipokuwa na sakafu sasa palikuwa na mianya.

"Zilikuwa zimekimbiana," alisema, na alivyolisema hilo ningesema anazungumzia watoto wa jirani. Alizionea huruma zile seli. Nilimcheka moyoni wakati ule.

Mama yake hakucheka. Mwalimu alipomsimulia kwamba seli zile zilitolewa kwenye kamba za vitovu vya watoto wachanga, zilizoletwa kutoka wodi ya wazazi, bibi yule aliacha kupeta maharage. Kwetu kitovu kinazikwa nyumbani. Mtu akitaka kusema pale ni kwao, anasema hapo ndipo kilipozikwa kitovu changu.

"Na mama zao wanajua?" bibi akauliza.

"Wanaombwa, mama. Wanakubali."

"Wanakubali kwa sababu hawajui mnakwenda kukimwagia sumu." Akarudi kwenye ungo wake. Baada ya kitambo akaongeza, "Wewe chako kipo hapo nyuma ya zizi. Hakimwagiwi kitu."

Nilikuwepo siku hiyo. Nilikuwa nimeanza kazi, na Jumamosi nyingi nilifuatana na Mwalimu kwenda Tumati, kwa sababu kule kulikuwa na maziwa. Hapo ndipo penye ukaidi wake ambao sikuwahi kuuelewa. Mwanamke huyu aliyeogopa moshi kuliko chui alikuwa hawezi kunywa maziwa yaliyowekwa kwenye ndoo ya plastiki wala chupa. Yalikuwa lazima yatoke kwenye kibuyu, na kibuyu lazima kiwe kimefukizwa kwa mti unaotakiwa: unachukua kijinga chenye moto, unakiingiza ndani ya kibuyu, unakisugua na kukizungusha mpaka ukuta wa ndani uwe mweusi, unakung'uta majivu, ndipo unamimina maziwa. Yanakuwa na rangi ya kijivu kidogo na harufu ambayo mtu wa mjini anaikimbia. Maziwa hayo hayaharibiki upesi. Kila mtoto wa Mbulu na wa Hanang amekuzwa nayo.

Safari moja tulikwenda Nangwa, upande wa Katesh, akitaka kuona nyumba za wafugaji wa bondeni zinavyojaa moshi. Mama mwenye nyumba alitukaribisha ndani. Mwalimu akakohoa, machozi yakamtoka, akatoa somo zima la mishipa na mapafu huku mwenye nyumba akimtazama kwa huruma. Kisha kibuyu kikaletwa. Mwalimu akanywa, akapumzika, akanywa tena, akaomba aongezewe. Njiani nikamwambia, "Mwalimu, hizo chembe ulizokunywa leo zinatosha kufundishia mwaka mzima."

"Kunywa na kuvuta si jambo moja," akajibu.

"Kwa hiyo za kunywa hazina neno?"

Akavua miwani. Nikamwambia aache, nimeshalijua jibu.

Nimesema nilimkasirikia, na sasa nieleze vizuri, maana si kwa sababu ya miwani tu. Ile ilikuwa miaka ambayo kila mtu alikuwa anauza kitu na kila aliyeuza alikuwa na uhakika. Ushirika ulikuwa umeshakufa zamani, maghala yake yamegeuzwa kumbi za harusi na vibanda vya simu. Ngano na mbaazi zilinunuliwa na watu waliokuja na magari yao na mizani yao. Vitunguu saumu vya kwetu Bashay vilipanda bei na kushuka bila mtu wa kutueleza sababu. Katika hali hiyo mtu anataka wa kumshika mkono na kumwambia pita hapa. Mwalimu alikuwa na elimu ya kutushika mkono, naye alikataa. Aliona kusema zaidi ya anachokijua ni wizi. Mimi niliona ni uchoyo.

Aliyetushika mkono alikuwa Karani. Tulimwita hivyo kwa sababu aliwahi kuwa karani wa ushirika, na ushirika ulipokufa hakukaa chini kulia. Aliuza mbegu, akauza chumvi ya ng'ombe, akauza mitumba kwenye mnada wa Katesh, na mwishowe akaja na chupa. Sitaki mtu amfikirie vibaya kuliko anavyostahili. Alikuwa mpole, anasalimia wazee vizuri, na ile aliyoiuza aliinywa mwenyewe na kuwanywesha wanawe. Chupa zilikuwa za bluu na maji ndani yake hayakuwa na ladha. Aliyaita maji ya fedha.

Sasa nije kwenye mkutano, maana mambo yote yalianzia pale. Kina mama wa jumuiya kule Tumati walimwomba Mwalimu aje awafundishe kuhusu moshi wa jikoni. Walikaa kwenye mabenchi ya kanisa la kigango, mama yake mstari wa mbele, amevaa kitenge kipya. Mwalimu alitundika vitambaa. Aliwaambia watoboe dirisha jikoni, wakaushe kuni, wasiwabebe watoto mgongoni wakati wa kupika. Yote hayo aliyasema vizuri na wakamwelewa. Mwishoni mama mmoja akasimama.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina."

"Mwalimu, tunashukuru. Mimi nauliza vibuyu. Tukifukiza, ule moshi tunauinamia, unaingia wote puani. Je, tuache?"

Nilikuwa nimeketi kando. Nikaiona mikono inakwenda kwenye miwani, na moyoni nikasema, leo sema ndiyo au hapana, wanakuuliza mama zako.

"Sijui bado," akasema. "Kwenye kibuyu sijapima. Lakini ningekuwa mimi ninayefukiza kila siku, ningepunguza."

Alisema ningepunguza. Kina mama walitoka pale wakisema Mwalimu amekataza. Siwalaumu. Kwa watu wetu mwalimu hashauri. Akifungua mdomo ameagiza. Ukimwambia mzazi "ningekuwa mimi ningempeleka mtoto hospitali," atakwenda siku hiyo hiyo. Mwalimu mwenyewe alizaliwa pale, alipaswa kulijua hilo. Lakini miaka ya Ulaya ilimzoesha watu wanaosikiliza kila neno kwa uzito wake, akasahau kwamba kwetu uzito unatokana na anayesema.

Mama yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha. Angefanyaje? Mtoto wake kasimama kigangoni mbele ya watu, halafu yeye aonekane kesho anafukiza? Akaosha vibuyu kwa maji ya moto. Maziwa yakaanza kuharibika. Kina mama wakalalamika, na Karani akawa amefika. Alikusanya watu nje ya kigango baada ya ibada na kuwaambia hivi, nilisimuliwa na zaidi ya mmoja: "Mwalimu wetu amewaeleza ukweli kuhusu moshi. Mimi nimewaletea kitu kisicho na moshi. Fedha hii imesagwa, imekuwa chembe ndogo, ndogo kabisa, zile zile anazozisema Mwalimu, za nano. Dawa nyingine zinaishia tumboni. Hii inaingia mpaka ndani ya mshipa!"

Wakaanza kutia kifuniko kimoja cha maji yale kwenye kibuyu badala ya kufukiza. Maziwa yakakaa. Kwa hilo Karani alikuwa sahihi, fedha inaua vijidudu, hata Mwalimu hakubisha. Na kwa kuwa chupa iko mkononi na imesemwa inafika mshipani, wenye presha wakaanza kuinywa.

Mama yake alikuwa na presha. Alikuwa nayo miaka mingi, anachukua vidonge zahanati, anavimeza asubuhi na uji. Jumamosi moja Mwalimu alikuta pakiti ya vidonge juu ya kabati haijafunguliwa, na kando yake chupa ya bluu. Maziwa aliyomiminiwa yalikuwa meupe pe. Aliyaonja, akaweka kikombe chini, akatoka nje. Nilimfuata. Alikuwa amesimama penye zizi, ameshika nguzo.

"Ni maneno yangu," alisema. "Amechukua maneno yangu, akayageuza upande wa pili, akamuuzia mama yangu."

Alimtafuta Karani siku ya mnada. Nilikwenda naye kwa sababu niliogopa atampiga, na kusema kweli nilitamani ampige. Karani alikuwa chini ya mwavuli wake, chupa zimepangwa juu ya turubai. Aliinuka haraka.

"Shikamoo Mwalimu!"

"Marahaba. Karani, unajua hizi chembe zinafanya nini kwenye mshipa wa mtu?"

"Zinausafisha, Mwalimu."

"Nani amekuambia?"

"Walionifundisha semina. Na watu wanaotumia wananiambia." Akasema bila kejeli, "Mwalimu, mimi nakutangaza wewe kila mahali. Kila nikisimama naanza na jina lako."

"Nimezimwagia seli za mishipa. Nimeona zinaachana."

"Za mtu?"

"Za mtu. Ndani ya kisahani."

"Ndani ya kisahani," akarudia Karani. Watu walikuwa wameanza kusogea. "Na ndani ya mtu mwenyewe, Mwalimu, akinywa kifuniko kimoja? Umeona nini?"

Ng'ombe wananadiwa kwa nyuma, watu wametega sikio, na mimi nikamkanyaga mguu kwa makusudi ili aseme chochote. Alivua miwani. Akasema ndani ya mtu hajui bado, hakuna aliyepima, na kwamba asiyejua hapaswi kuuza. Lakini hilo la mwisho halikusikika, maana Karani alishatabasamu na watu walishaanza kucheka. Mama mmoja alinunua chupa pale pale, mbele yetu.

Hasira zangu hazikungoja usiku, nilimsema njia nzima ya kurudi. Nilimwambia: danganya. Mwambie mama yako umeona watu wamekufa. Mwambie damu iliwatoka puani. Mara moja tu, kwa ajili ya mama yako, halafu uende ukaungame. Aliniacha nimalize.

"Nikidanganya kuhusu maji ya fedha," akasema, "na nikimwambia kuhusu vidonge atajuaje kwamba hapo sidanganyi? Vidonge ninavijua. Hilo nalijua kabisa."

"Basi kamwambie hilo."

Akaenda kumwambia. Walikaa jikoni, mama kwenye kigoda, yeye kwenye kuni. Alimweleza yote kwa mpangilio: alichokiona kwenye kisahani, asichokijua kwa mtu, na kwamba vidonge vimepimwa kwa watu wengi, vinazuia mishipa ya kichwa isipasuke, asiviache hata siku moja. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita hivyo mbele yangu, "tangu uwe mtoto hujui. Nilikuuliza utaolewa lini, hujui. Uliulizwa moshi wa kibuyu, hujui. Leo kwa vidonge ndiyo unajua?"

"Leo najua, mama."

"Yule kijana wa watu anajua kila siku."

Hakukuwa na hasira katika maneno yale. Alikuwa anapima watu wawili, akaona mmoja hana wasiwasi. Nilitaka kumtikisa bibi wa watu. Nilitaka pia kumtikisa binti yake. Tulirudi mjini, na wiki kadhaa baadaye, katika kuvuna maharage, mama yake alianguka shambani. Kiharusi. Upande wa kulia ukalala na maneno yakawa hayatoki vizuri.

Hospitalini watu walimiminika kutoa pole, na kila mmoja alikuwa na swali lile lile: imesababishwa na nini? Mwalimu alikuwa na orodha kichwani na haikumpa raha. Huenda ni vidonge vilivyoachwa. Huenda fedha ilikuwa na sehemu yake. Huenda ni moshi wa jiko, wa maisha yote ya kuinamia mafiga, yeye Mwalimu akiwa mtoto mgongoni. Huenda ni umri tu. Alisema usiku anawaza utando ule, seli zilizolala zimegusana, na hawezi kujua ni nani aliyezitenganisha. Nilimwambia ni vidonge, jamani, daktari kasema vidonge. Alikubali kwamba daktari kasema. Alikonda mpaka sweta likawa linamning'inia.

Kijijini wao walikuwa na jibu. Mama yake Mwalimu alipigwa na kiharusi na hakufa, kwa sababu alikuwa anakunywa maji ya fedha. Karani hakuwahi kusema hivyo mwenyewe, nimpe haki yake. Alikuja hospitali na ndizi, akakaa ameinamisha kichwa, na nilimwona akitaka kuuliza kitu akashindwa. Lakini hakuwakatalia waliosema. Chupa zilizidi kuuzwa.

Mwalimu alistaafu kabla ya wakati wake, akahamia Tumati kumtunza mama. Mimi nilihamishiwa shule nyingine, nikaolewa, nikazaa, mambo yakawa mengi. Mara ya mwisho niliyokwenda ilikuwa baada ya mavuno, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabua. Nilimkuta uani anachemsha maji kwenye sufuria kubwa. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe zote.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mtoto wa Bashay. Umenenepa. Kaa."

Aliyaacha maji yapoe kidogo, kisha akaingia ndani na kutoka na chupa tatu za bluu, tupu. Akaanza kuzijaza kwa faneli, taratibu, akizifunga moja moja na kuzifuta kwa nje.

"Hamezi kidonge bila maji haya," alisema hatimaye. "Nilijaribu kwa uji, kwa chai, kwa maziwa. Anafunga mdomo. Akiiona chupa anafungua."

"Kwa hiyo ni ya bomba?"

"Ya kisima. Nachemsha." Akaweka faneli chini. "Presha imeshuka. Nampima mwenyewe kila asubuhi, imeshuka vizuri. Kila siku namwambia mama, haya ni maji yako ya fedha, kunywa. Namwambia bila kupepesa macho. Kumbe ni rahisi hivi. Ningefanya uliponiambia, angekuwa anatembea."

Nilikuwa nimeutaka uongo huo kutoka kwake kwa miaka, na sasa nilipouona mikononi mwake sikuupenda. Alionekana kama mtu aliyevuliwa nguo njiani. Nikamwambia amefanya vizuri. Akasema hajui, na safari hii hakusema bado.

Aliponiacha kwenda kukata majani ya ng'ombe, niliingia ndani kumsalimu bibi. Alikuwa ameegemezwa mito karibu na dirisha, dirisha kubwa ambalo binti yake alilitoboa. Nilimpa shikamoo, akaitikia kwa sauti nzito. Akanishika mkono kwa ule wa kushoto, wenye nguvu, akanivuta mpaka sikio langu likawa karibu na mdomo wake. Maneno yalichukua muda, yanatoka nusu nusu, na mengine ilibidi ayarudie.

"Ile chupa," akasema. "Ni maji ya kisima."

Nikaangalia mlangoni, kama Mwalimu anarudi.

"Nimeyanywa maji ya kisima kile tangu niolewe. Nisiyajue?" Alipumzika. "Anadhani sijui. Akinidanganya mkono wake unatetemeka. Nakunywa haraka, asiteseke."

"Bibi, kwa nini usimwambie? Umeze tu kidonge na maji, yaishe."

Alinitazama kwa lile jicho zima. "Nikimwambia, atajua kwamba siku ile jikoni nilimwelewa, nikaviacha vidonge makusudi," akasema. "Nilimwelewa. Nilikuwa nimechoka tu na sijui zake. Nilitaka na mimi, mara moja, mtu aniambie nitapona."

Machozi yalimtoka jicho moja, na mimi yakanitoka yote mawili. Nilimfuta kwa upande wa khanga, nikamwekea mto vizuri, tukakaa hivyo mpaka tukasikia mzigo wa majani ukitupwa penye zizi.

Mwalimu alinisindikiza mpaka barabarani. Hapo kwenye njia panda akasimama, akanitazama usoni.

"Umelia. Kakuambia nini?"

"Kauliza habari za watoto," nikasema. "Nimekumbuka marehemu bibi yangu tu."

Alisimama kidogo kama mtu anayetaka kuuliza tena. Kisha akaniambia nipite salama, niwasalimie nyumbani, akageuka upesi, maana saa ya dawa ya jioni ilikuwa imefika.